Kazi ya Kutembea

Mtoto wa Tunduma huzijua kazi za watu kabla hajajua kusoma. Akisimama kando ya barabara kuu anaziona zote: dereva aliyetandika mkeka chini ya tela akisubiri foleni isogee, utingo anayechemsha chai kivulini mwa tairi, wakala wa forodha mwenye makaratasi kwapani, mbadilisha fedha na kibunda chake cha kwacha, bodaboda, mama lishe, askari. Shaba ya Zambia na Kongo inashuka kuelekea bandari ya Dar es Salaam, mafuta yanapanda, na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, inavuka mpaka hapohapo kuelekea Kapiri Mposhi. Mji mzima unakula kutokana na vitu vinavyopita. Kwa hiyo mwalimu akiuliza kidato cha nne wanataka kuwa nani, majibu anayajua kabla hayajatoka: uwakala wa forodha, uhasibu, udaktari, TRA, na kwa wachache wenye ujasiri wa kusema kweli, lori la baba.

Nafundisha Jiografia. Siku moja tukiwa kwenye usomaji wa ramani, tumetandaza zile za kipimo cha 1:50,000 zilizochakaa kwenye mikunjo, binti mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kuna kazi ya kutembea?"

Darasa likaangua kicheko. "Ipo, umachinga!" akasema mmoja. "Utingo," akadakia mwingine, "ila huko unatembezwa." Hili la pili lilikuwa zuri, nami nilicheka.

Binti akangoja tunyamaze, akarudia swali lake. Kwao ni Uwanda, ule upande wa Momba unaoteremkia Ziwa Rukwa. Tunduma anakaa kwa shangazi yake kwa ajili ya shule. Jumamosi wenzake wakijazana kwenye vibanda vya mpira, yeye yuko vilimani na daftari. Anajua miti ipi ya miombo huchipua majani mekundu hata kabla ya tone la kwanza la mvua. Anajua uyoga unaoliwa na unaoua, na anajua kwamba ule unaofanana ndio wa kuulizwa kwa bibi kwanza. Kontua za ramani, ambazo huwatoa jasho wanafunzi wengi, yeye anazisoma kwa miguu: anaweka kidole kwenye mistari iliyosongamana na kusema, "Hapa utapumzika mara mbili." Hayo yote hakuwahi kuyaona kuwa elimu. Aliyaona kuwa tabia, na pengine tabia mbaya, maana ndiyo iliyokuwa ikimchelewesha nyumbani.

Kuna mapenzi ya porini ambayo tunayajua kutoka kwenye picha: hema la rangi ya chungwa, viatu vya gharama, mtu amenyoosha mikono juu ya jabali. Hayo si ya huku. Huku nje ni kazi. Nje ni kuni, ni maji, ni kuchunga, ni kuamia ndege kwenye mpunga wa Kamsamba tangu alfajiri, ni kuchuma kahawa Mbozi baridi ya Juni ikikukata vidole. Mtoto aliyelelewa na kazi hizo akikuambia anapenda pori, halipendi kama mtu anavyompenda mgeni. Analipenda kama mtu anavyompenda ndugu mkorofi, ambaye udhia wake anaujua wote na bado akisengenywa anaumia. Nadhani hayo ndiyo mapenzi yanayofaa kujengewa kazi, kwa sababu yameshapitia uchovu. Lakini ndiyo hayohayo ambayo mzazi huyaogopa. Baba aliyelima maisha yake yote amemlipia mtoto ada ili atoke juani. Ukimwambia kwamba mtoto anataka kurudi juani kwa hiari, tena na cheti, unamwambia kwamba ada imepotea.

Na shule zetu, kusema haki, zimemuunga mkono baba huyo. Fikiria mwanafunzi hupelekwa nje lini. Aliyechelewa anafyeka. Aliyepiga kelele anachota maji. Aliyekamatwa akizungumza Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili anang'oa visiki. Nje ndipo panapotumikiwa adhabu, na ndani ndipo penye dawati na heshima. Mwaka 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea akitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza: wanafunzi wapange, wahesabu gharama, walinganishe mavuno, wajue kwa nini kipande hiki kimezaa na kile kimegoma. Tukachukua jembe, hesabu tukaiacha. Mtoto anayehitimu baada ya miaka minne ya kufyeka kwa kosa la kuchelewa hawezi kulaumiwa akidhani kwamba mtu mwenye akili ni yule asiyekanyaga umande.

Vyama vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980 ili kuziba pengo hilo, kuwapa wanafunzi sababu nyingine ya kwenda nje, na mahali vilipopata mwalimu mwenye moyo vimefanya kazi. Mahali pengine vimebaki kuwa bango kwenye ukuta wa ofisi. Kwetu tulikuwa na kitu cha katikati: kikundi cha wachache, bila fedha, chenye ruhusa ya mkuu wa shule mradi nauli ichangwe.

Nauli ikichangwa, safari ya kwanza ya shule yoyote ya mkoa wa Songwe ni moja. Unapanda kuelekea Vwawa, unaacha lami, unafika Ndolezi kwenye miteremko ya mlima Marengi, unakuta Kimondo. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ingawa vitabu vya zamani vilipenda kusema 25. Karibu asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wanafunzi wanaligusa, wanapiga picha, kisha wanaandika walichoambiwa: liligunduliwa mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg.

Hapo ndipo binti aliponigeukia. "Mwalimu, kabla ya huyo, watu wa hapa walikuwa wanalikwepa tu?"

Wanyiha walilima na kuchunga kwenye milima hiyo vizazi na vizazi. Kitu kizito kama hicho, kinachong'aa mahali kilipokwaruzwa na kinacholia kikigongwa, hakikuwa siri kwa mtoto yeyote wa mbuzi na fimbo. Alichofanya Nott ni kukitia kwenye maandishi yanayosafiri. Mwezi Desemba mwaka huohuo akaja Dakta Grantham wa idara ya jiolojia kukata kipande cha sampuli kwa msumeno wa kawaida wa chuma. Kipande cha sentimita kama 10 kilimla muda wa saa 10. Wanafunzi walimhurumia Grantham kuliko walivyomhusudu Nott. Mmoja alisema afadhali kubeba viroba mpakani.

Sikuwa na nia ya kumfanya Nott mwizi. Alitembea, akaona, akaandika. Hiyo ni kazi halali. Kilichonisumbua ni jinsi swali la binti lilivyofungua mlolongo. Katika misitu ya Rungwe, mbali kidogo na sisi, wawindaji walikuwa wakimtaja nyani wa miti ya juu waliyemwita kipunji. Wanasayansi walimwona mwaka 2003, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabainika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Hadithi ni ileile. Aliyeona hakuandika, na aliyeandika alitoka mbali.

Lakini jambo lililombadilisha binti huyu si lile bonge la Marengi. Ni jiwe ambalo hajaliona na huenda asilione, nililomsimulia tukiwa kwenye basi la kurudi.

Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo kingine Ivuna, Uwanda. Kilichookotwa chote, vipande vikijumlishwa, kilikuwa gramu 705, chini ya kilo moja ya sukari. Si chuma. Ni jiwe jeusi, laini kiasi cha kumeng'enyeka, lenye maji ndani ya madini yake na kaboni. Vimondo vya namna hiyo vilivyopatikana duniani vinahesabika kwa vidole, na muundo wake, ukiacha zile gesi nyepesi, unakaribia muundo wa jua lenyewe. Yaani ni udongo wa siku zile sayari zilipokuwa bado zinafinyangwa. Wanasayansi wanapopanga vimondo kwa makundi, kundi hili wanaliita CI, na hiyo I ni Ivuna. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London ilijipatia sehemu yake mwaka 2008. Desemba 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilirudi na vumbi kutoka kwenye asteroidi Ryugu baada ya safari ya miaka sita, na watafiti walipolichunguza, kitu walichokuta kimefanana nacho zaidi ni vimondo vya kundi la Ivuna.

"Ivuna hii hii?" akauliza.

Hiyohiyo. Kule ambako chumvi ya bibi yake ilikuwa ikitoka. Wanaakiolojia walipochimba kwenye chemchemi zake za maji ya chumvi miaka ya 1960 walikuta kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 13 hivi. Mahali pamoja, historia mbili ambazo dunia ya wasomi inazijua, na binti aliyezaliwa mwendo wa saa chache kutoka hapo hakuwa amesikia hata moja kati yake kutoka kwa mwalimu yeyote, nami nikiwamo hadi jioni ile. Alichofanya wiki hiyo ni kumpigia bibi yake simu kumuuliza kama kuna mzee anayekumbuka jiwe la mwaka 1938. Bibi akasema wanaokumbuka wameshazikwa, ila kuna wanaokumbuka waliosimuliwa. Nikamwambia hiyo nayo ni data, aiandike kabla nao hawajaondoka.

Baada ya hapo niliweza kujibu swali lake la darasani sawasawa. Kazi ya kutembea ipo, na imefanyika kwa Kiswahili, Gombe. Kila anayetaja Gombe humtaja Jane Goodall, aliyefika Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, na anastahili. Lakini kwa miongo mingi waliokuwa wakiamka gizani kila siku kumfuata sokwe mmoja tangu anapoacha kiota hadi anapojenga kingine ni Watanzania, wengi wao kutoka vijiji vya ziwani Kigoma. Maelezo yao ya kila siku, nani amekula nini, nani amemgombeza nani, waliyaandika kwa Kiswahili, na kutoka hapo ndipo yalipotafsiriwa. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 madume wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama aliyekuwa peke yake akila. Tukio hilo lilikuwa mwanzo wa ile iliyokuja kuitwa vita ya sokwe, na lilibadilisha kabisa namna dunia ilivyomfikiria mnyama huyu ambaye watu walidhani ni mpole. Halikuonekana na kamera wala halikukisiwa na profesa. Lilionekana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetembea hadi pale.

Binti alipenda kipande cha Kiswahili kuliko vyote. Nilimwelewa. Anaandika Kiingereza cha mtihani, lakini porini anawaza kwa Kiwanda na kuandika kwa Kiswahili, na hakuwa amewahi kuambiwa kwamba daftari la namna hiyo linaweza kuwa na thamani.

Baba yake alipokuja kwenye kikao cha wazazi, maneno yalikuwa yameshamfikia. Ni mtu wa mpunga na samaki, mwenye sauti ya chini. Tuliposalimiana akaniambia, "Mwalimu, mimi nimetembea maisha yangu yote. Hakuna aliyenilipa."

Sijapata jibu la kumshinda, na sidhani kama lipo. Ninaloweza kufanya ni kuonyesha milango. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori. Pasiansi kule Mwanza kinatoa askari wa wanyamapori. Olmotonyi ni misitu. Tabora kuna chuo cha nyuki, na nyuki kwa watu wa miombo si habari ngeni. Sokoine Morogoro, kwa atakayefaulu kidato cha sita, kuna vyote hivyo kwa kina zaidi. Tahasusi ya kemia, baiolojia na jiografia inafungua karibu yote. Baba alisikiliza orodha yangu kama mtu anayesomewa bei za kitu asichokusudia kununua. Aliuliza swali moja tu: kati ya hao, ni nani anayepangiwa kazi karibu na kwao?

Ni swali lenye ncha. Mtoto wa Momba akivaa sare ya kijani, ana nafasi kubwa zaidi ya kuipeleka Serengeti au Ruaha kuliko Kamsamba. Kazi za kutembea zenye mshahara mnono ndani ya mkoa wetu ni nyingine kabisa. Mwaka 2016 wanasayansi wa Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu tu ya bonde la Rukwa inaweza kuwa na heliamu futi za ujazo bilioni 54. Wilaya ya Songwe ina dhahabu, na Ngualla ina madini adimu yanayotafutwa kwa ajili ya sumaku za mitambo. Ileje ina makaa ya mawe. Mjiolojia kijana anatembea kutwa nzima vichakani akigonga mawe, tena analipwa. Simkatazi mwanafunzi njia hiyo. Nchi inayoacha wageni waisomee mawe yake itaendelea kusomewa na bei pia. Ila nimewaambia waziwazi: mwenye kutembea kwa ajili ya kampuni hutembea mahali penye kitu cha kuuzwa. Bonde lisilo na kitu linahitaji nalo mtu, na mtu huyo hulipwa na serikali, au na kijiji, au halipwi.

Nilimsimulia baba habari za Sebastian Chuwa wa Kibosho, kwa kuwa yeye alirudi kwao. Baba yake Chuwa alikuwa mganga wa mitishamba aliyemchukua mwanawe msituni kutafuta dawa, na huko ndiko mtoto alikojifunza majina ya mimea. Akasoma Mweka, akafanya kazi Ngorongoro miaka 17, akaanzisha huko kikundi cha vijana cha uhifadhi. Alionekana kwenye filamu ya miaka ya 1990 kuhusu mpingo, mti wa zumari na klarineti. Fundi mmoja wa mbao wa Texas, James Harris, akaiona, akamtafuta, na mwaka 1996 ukaanza mradi wa kuotesha mpingo. Mwaka 2006 Chuwa alipewa tuzo ya Rolex. Alifariki mwaka 2014. Hayo ni ya magazeti. Lililomgusa baba wa binti ni lingine: kwamba huyu bwana wa miti, aliporudi Kibosho, alijishughulisha pia na kahawa ya akina mama, kuwapatia miche bora isiyoshambuliwa na magonjwa. "Kumbe alianza na wanachokula," akasema. Nikamwambia hata hapa Mbimba, Mbozi, kuna kituo cha utafiti wa kahawa, na watu wake wanatembea mashambani. Aliondoka bila kukubali wala kukataa, na kwa baba wa Uwanda hiyo ni hatua.

Alichosema kuhusu chakula ndicho kilichonifanya niwapeleke wanafunzi sokoni badala ya mlimani. Pori la Tunduma, kwa kweli, lipo sokoni.

Kuna chakula wanachokipenda Zambia kinaitwa chikanda. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za ardhini, vilivyokaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa hadi vikashikamana na kukatwa vipande kama soseji nene. Okidi za upande wao zilipopungua, wanunuzi wakageukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na mlango wa biashara hiyo ukawa hapa. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vinavyovushwa kwenda Zambia kwa mwaka vinaweza kufikia milioni 4. Hofu ya kuisha kwa okidi ilichangia Kitulo, uwanda wa maua ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika tropiki ya Afrika kuanzishwa kwa ajili ya mimea hasa. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES, kwa hiyo kuvusha kunataka kibali. Mpakani, kibali ni neno; gunia ni gunia.

Hapa ndipo mapenzi ya mwanafunzi yanapopimwa. Ni rahisi kulipenda ua na kumchukia anayelichimba. Lakini anayelichimba ni mama wa Makete au Njombe aliyepanda mlima na jembe dogo kwa sababu daftari za mtoto zinanunuliwa kwa fedha, na anayeliuza ni mama wa Tunduma mwenye meza ya mbao na mwavuli. Wote wawili wanatembea kuliko mtaalamu yeyote. Wanalijua ua kwa majani yake hata likiwa halijachanua. Wanajua pia, wachimbaji hasa, kwamba chini ya kila shina kuna viazi viwili, cha zamani kinachosinyaa na kipya kilichojaa. Ukichukua kipya umeua mmea wa mwakani. Mwenye kungoja bei nzuri angeweza kuacha baadhi. Mwenye njaa ya Februari haachi.

Tulimkuta mama mmoja kwenye meza yake, tukasalimia, na binti akaanza maswali: hivi vimetoka wapi, zamani vilitoka wapi, vilikuwa vikubwa kuliko hivi? Mama akamtazama sare, akanitazama mimi. "Nakuuzia au unanihoji, mwanangu?" Binti akanunua kidogo kwa hela yake ya matumizi, na baada ya hapo maongezi yakalegea. Tukasikia kwamba siku hizi wanafuata mbali zaidi, kwamba viazi vimekuwa vidogo, kwamba wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanalalamika lakini wananunua.

"Kwa nini visipandwe kama viazi mviringo?" binti akauliza, na hapa swali lilikuwa langu kulijibu. Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake. Haioti mpaka ikutane udongoni na aina ya kuvu inayoilisha mwanzoni. Ukiimwaga shambani kama mtama hupati kitu. Ndiyo maana wachimbaji hawakuwa wapanda mbegu, na ndiyo maana kuwafukuza peke yake hakumalizi jambo, kwani mteja bado yupo ng'ambo na mama bado ana mtoto shuleni.

Binti alikuwa ameshatoa daftari. Kuvu hiyo iko kwenye udongo wote au wa milimani tu? Inaweza kuhamishwa? Nani nchini anaifanyia kazi? Niliweza kujibu sehemu, nyingine nikamwambia aziweke kwa ajili ya watu wa Sokoine na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niliona kwamba hajauliza tena kuhusu kazi ya kutembea. Alikuwa na shida ya mtu mwingine mkononi, akiigeuza kutafuta pa kuishikia, na miaka ya masomo inayohitajika kuitatua haikuonekana kumtisha.

Mama alikuwa akitusikiliza huku akihesabu chenji. Alipoirudisha akaishika kidogo kabla ya kuiachia. "Wewe mtoto," akasema, "ukishajua kuziotesha, uje kwangu kwanza. Kabla hujawaambia wa Nakonde."